Bango lipo, filamu iko wapi?

Karatasi ilifika imekunjwa mara tatu ndani ya bahasha ya kaki. Nilipoitandaza mezani ikawa nyembamba na ndefu, upana sentimita 33, urefu sentimita 76. Rangi zake ni mbili tu, nyekundu na buluu, na bado zinawaka. Kauboi anaruka kutoka kwenye daraja linaloungua, bastola mkononi, na chini kabisa pembeni kuna herufi ndogo za jina la mpigachapa wa Sydney. Shemeji yangu alikuwa amepita kuchukua funguo. Akatazama, akainamisha kichwa. "Shem, si ulisema unanunua mambo ya Australia? Huyu si kauboi wa Texas?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linalowachanganya wengi wanaoanza kukusanya mabango haya. Mtu akisema "bango la zamani la sinema la Australia" anaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni bango lililochapwa Australia kwa ajili ya majumba ya sinema ya huko, hata kama filamu yenyewe ilitengenezwa Hollywood au London. Ya pili ni bango la filamu iliyotengenezwa na Waaustralia, hata kama limechapwa Paris. Langu lilikuwa la aina ya kwanza, na mengi yanayouzwa kwa jina la Australia ni ya aina hiyo hiyo. Sababu yake ni nyepesi. Kwa miongo mingi Waaustralia walitazama filamu za wenzao kuliko za kwao. Miaka ya 1950 na 1960 filamu ndefu za kienyeji zilikuwa za kuhesabika, lakini kumbi zilijaa, na kila filamu iliyoteremshwa melini ilihitaji bango.

Halafu kuna fundo la tatu, nalo ndilo gumu. Unanunua bango, unalipenda, unataka kuiona filamu. Unaitafuta huipati. Au unaipata, ila imekatwa. Au unaambiwa imehifadhiwa vizuri sana mahali fulani Canberra na wewe huwezi kuiona. Karatasi iliyotengenezwa ikae ukutani wiki moja imefika mpaka mezani kwangu, na kumbe kuna filamu zilizogharimu maelfu ya pauni ambazo hazijulikani zilipo. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuuliza maswali badala ya kununua tu.

Karatasi ya wiki moja

Bango hili jembamba Waaustralia wanaliita deibili. Yalikuwepo mengine makubwa zaidi: lile la shiti moja, sentimita 69 kwa 102, la shiti tatu, na yale ya ukutani yaliyochapwa vipande vipande na kuunganishwa kwa gundi. Ila deibili ndiyo iliyofika kila mahali, kuanzia mlangoni pa sinema ya jijini hadi kwenye dirisha la duka katika mji mdogo wa wafugaji, ambako filamu ilionyeshwa usiku mmoja tu kisha makopo ya mikanda yakapakiwa kwenye treni kwenda mji unaofuata.

Vipimo vyake vinasimulia. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia deibili ilikuwa ndefu, takriban sentimita 38 kwa 102. Vita vikaleta uhaba wa karatasi, ikapunguzwa hadi kama 25 kwa 76. Baadaye ikanenepa kidogo, ikawa 33 kwa 76, na ikakaa hapo miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikuuzia deibili "ya mwaka 1936" yenye urefu wa sentimita 76, muulize mara mbili. Ama imepitiwa na mkasi, ama ilichapwa filamu iliporudishwa sinema miaka ya baadaye. Filamu zilizopendwa zilirudi tena na tena, na kila ziliporudi zilichapiwa bango jipya, mara nyingi bila mwaka kuandikwa popote.

Njia ninayoitegemea zaidi kujua umri wa bango ni alama ya ukaguzi. Matangazo ya filamu Australia yalitakiwa kueleza filamu inamfaa nani. Mabango ya kale yana maneno kamili: ya watu wote, isiyofaa watoto, au ya watu wazima tu. Mwishoni mwa 1971 zikaingia herufi, yaani G, NRC, M na R. NRC ilimaanisha haipendekezwi kwa watoto, nayo ilidumu hadi 1984 ilipoipisha PG, yaani kwa mwongozo wa mzazi. Basi ukikuta bango la filamu ya 1955 lina NRC, ujue hilo ni la marudio, limechapwa baada ya 1971 na kabla ya PG.

Kauboi wangu ana NRC. Iko pale pale chini ya buti lake la kushoto, ndani ya kisanduku kidogo. Muuzaji alikuwa ameniandikia "miaka ya 1950", nami nikalipa bei ya miaka ya 1950. Nilipomwandikia alinijibu kwa upole kwamba yeye alimaanisha filamu, hakumaanisha karatasi. Sikuwa na la kujibu. Kosa lilikuwa langu: picha ya bango nilitumiwa, na kisanduku kilikuwa kinaonekana.

Kioo cha fundi saa

Mabango yanayogombaniwa hasa ni yale ya miaka ya 1930 hadi 1950, na si kwa sababu ya uzee tu. Studio za Marekani zilituma Sydney picha na vifaa vya matangazo, lakini mara nyingi mchoraji wa huko ndiye aliyechora upya. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na sura moja New York na sura nyingine kabisa Sydney. Pengine mwigizaji hafanani na nafsi yake. Pengine anafanana kuliko alivyofanana kwenye bango la kwao. Wachoraji wengi hawakutia sahihi, kwa hiyo kinachobaki ni jina la kampuni ya uchapaji: W. E. Smith, Simmons, Richardson Studio, na kwa mabango ya miaka ya 1960 kuendelea, Robert Burton.

Walichapa kwa litografia, na ni vizuri kuielewa maana ndiyo itakayokuokoa na bandia. Siri yake ni kwamba mafuta na maji havikubaliani. Mchoraji anachora kwa krayoni yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, au juu ya bamba la zinki kama ilivyokuja kuzoeleka. Bamba linaloweshwa. Maji yanakaa pasipochorwa na kukimbia palipo na mafuta. Wino nao ni wa mafuta, kwa hiyo unashika pale pale krayoni ilipopita na kukataa kwingine. Ukibana karatasi juu yake, mchoro unahamia. Lakini hiyo ni rangi moja. Rangi nne zinataka mabamba manne, na mchoraji lazima afikirie uso wa mtu ukiwa umegawanywa: njano yake, nyekundu yake, buluu yake, na nyeusi ya kufunga kazi. Rangi ya kijani haimo kwenye wino wowote. Inazaliwa njano na buluu zinapokutana juu ya karatasi.

Sasa chukua kioo kile fundi saa anachobana jichoni. Changu nilikinunua kwa fundi saa hasa, akaniuliza nina saa gani, nikamwambia nina makaratasi, akacheka. Kiweke juu ya shavu la mwigizaji kwenye deibili ya kuchorwa kwa mkono. Utaona chembe zisizo na mpango, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wenye chokaa. Kandokando ya mdomo nyekundu imetoka nje ya mstari kidogo, kwa sababu bamba halikukaa sawasawa siku hiyo. Hizo chembe ni mkono wa mtu.

Ukiweka kioo hicho kwenye nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya majuzi, utakuta nukta ndogo za mviringo zilizopangana kama askari wa gwaride. Mashine ya ofseti, ile ya uchapaji wa kisasa, inavunja picha yoyote kuwa nukta, hata picha ya chembe za chaki. Ukiona chembe zimeundwa kwa nukta, rudisha pochi mfukoni. Kwa mabango ya miaka ya 1970 na kuendelea kipimo hiki hakitoshi, maana mengi ya halali yenyewe yalichapwa kwa ofseti. Huko unarudi kwenye karatasi: unene wake, mikunjo yake, na jinsi upande wa nyuma ulivyozeeka.

Mikunjo isikutishe. Deibili nyingi zilikunjwa zikiwa mpya, zipate kusafirishwa. Mimi bango lisilo na mkunjo wala tundu moja la pini ndilo linalonitia wasiwasi. Ukibahatika, nyuma utakuta maandishi ya penseli ya mwenye sinema, siku na saa ya onyesho. Usiyafute.

Na hapa Dar es Salaam kila mtu atakushauri ukalifanyie laminesheni. Usithubutu. Plastiki ile inabandikwa kwa joto na haibanduki tena bila kung'oa rangi. Mafundi wa karatasi hubandika bango juu ya kitambaa au karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu gundi hiyo ikiloweshwa inaachia hata baada ya miaka. Kama fundi wa namna hiyo huna, liweke bapa kwenye faili lisilo na asidi, mbali na jua na unyevu wa bahari. Wadudu wa karatasi nao hawachagui, watakula bango la sinema kama wanavyokula cheti cha kuzaliwa.

Palipoungua

Tarehe 26 Desemba 1906, kwenye ukumbi wa Athenaeum mjini Melbourne, ilianza kuonyeshwa *The Story of the Kelly Gang* ya mwongozaji Charles Tait, habari za jambazi Ned Kelly na kundi lake. Ilizidi saa moja wakati ambapo filamu nyingi duniani zilikuwa za dakika chache, na mwaka 2007 UNESCO iliiingiza kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia kama filamu ndefu ya kwanza duniani. Iliyobaki ni takriban dakika 17.

Kuna kipindi hata hizo dakika 17 hazikuwepo. Kwa miongo mingi watu walikuwa na karatasi tu: picha mnato chache, matangazo, na kijitabu cha programu kilichochapwa kwa watazamaji, chenye kueleza hadithi tukio kwa tukio. Vipande vya mkanda vilianza kujitokeza miaka ya 1970, kingine kikapatikana Uingereza karibu na maadhimisho ya miaka 100. Vipande havikuwa na mwanzo wala mwisho, na kijitabu kile kikasaidia kujua kipi kinatangulia kipi. Nilipolisoma hilo ndipo nilipoacha kuona haya kutumia fedha kwa makaratasi. *For the Term of His Natural Life* ya 1927 nayo iliunganishwa upya mwaka 1981, na palipokosekana mkanda zikawekwa picha mnato.

Kwa nini mikanda ilikufa na karatasi zikapona? Kwanza kwa sababu ya mkanda wenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za sinema zilitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, ndugu wa damu wa baruti. Ikishika moto inajitolea oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huzimi kwa kuifunika, na hata ukiizamisha majini inaendelea kuungua. Isipoungua inaoza. Mkanda unaanza kunata, picha inafifia, juu yake panatoka mapovu ya kahawia kama asali, na mwisho unafungua kopo unakuta unga. Asiteti iliyokuja baadaye haiwaki hivyo, lakini nayo ina maradhi yake: inatoa harufu ya siki, inajikunja, inasinyaa.

Sababu ya pili ni fedha, kwa maana zote mbili. Filamu za nyeusi na nyeupe zina chembe za madini ya fedha ndani yake, kwa hiyo mkanda uliochoka uliuzwa ukayeyushwe. Na sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu ikawa mzigo wa hatari stoo, haina mnunuzi. Watu wa historia ya sinema ya Australia husimulia kwa uchungu kwamba wakati wa kupiga picha za moto wa msituni katika *The Squatter's Daughter* ya 1933, mikanda ya zamani ya naitreti ilitumika kuuchochea ule moto. Filamu ikateketezwa ili filamu nyingine ipendeze. Sijui kama kuna muhtasari mzuri zaidi wa tasnia ile.

Sababu ya tatu ni jiografia, nayo ina mzaha wake. Australia na New Zealand zilikuwa mwisho wa njia. Nakala ya filamu ya Marekani ilizunguka dunia na kufika huko imechakaa, na msambazaji alipopiga hesabu ya nauli ya kuirudisha aliona heri iharibiwe huko huko. Si zote zilizoharibiwa. Baadhi zilisahaulika kwenye mabanda na vyumba vya chini, na ndiyo maana *Upstream*, filamu ya John Ford ya 1927 iliyodhaniwa imepotea kabisa, ilitangazwa mwaka 2010 kuwa imepatikana New Zealand.

Na kinyume chake kilitokea. Raymond Longford na Lottie Lyell walitoa *The Sentimental Bloke* mwaka 1919, hadithi ya mhuni wa mjini anayependa na kutulia, na wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko filamu zote bubu za Australia. Nakala zilizobaki nyumbani zilikuwa hafifu. Mwaka 1973 negativu nzuri ya toleo la Marekani, yaani mkanda wa kutolea nakala, ikagunduliwa kwenye hifadhi ya George Eastman House, Rochester, jimbo la New York. Ilikuwa imekaa pale imeandikwa *The Sentimental Blonde*. *Bloke* ni neno la mitaani Australia kwa maana ya "jamaa". *Blonde* ni mwanamke wa nywele za dhahabu. Herufi mbili zilizowekwa mahali pa k na karani asiyejua Kiaustralia zikaificha filamu miaka yote hiyo. Longford hakuwahi kuyajua haya. Alifariki mwaka 1959, na miaka yake ya uzeeni aliishia kufanya kazi kwenye gati za Sydney.

Ipo, lakini huioni

Usidhani basi tatizo ni la filamu bubu peke yake. *Wake in Fright* ni ya 1971, ya rangi, iliyochaguliwa kushindana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mwalimu wa shule anakwama kwenye mji wa wachimba madini na kuharibikiwa kwa bia na kamari. Nyumbani haikupata watazamaji wa kutosha, nje ikaitwa *Outback*, kisha ikapotea. Mabango yake yaliendelea kuuzwa. Mhariri wake, Anthony Buckley, alianza kuisaka negativu katikati ya miaka ya 1990. Dublin ilipatikana nakala, lakini haikuwa na hali ya kutosha. Hatimaye vifaa vya asili vikapatikana Pittsburgh, Marekani, ndani ya makasha yaliyoandikwa yateketezwe. Ilisafishwa, na mwaka 2009 ikaonyeshwa tena Cannes, miaka 38 baada ya mara ya kwanza.

Kisa hiki kinafundisha namna ya kutafuta. Kwanza, filamu inaweza kuwa na jina moja kwenye deibili na jina jingine duniani. *Jedda* ya Charles Chauvel, ya 1955, Uingereza iliongezewa neno la dharau lenye maana ya mtu asiyestaarabika. *Mad Max 2* ikawa *The Road Warrior* Marekani. Ukiingia kutafuta filamu kwa jina la kwenye bango na ukatoka mikono mitupu, tafuta majina yake mengine kabla hujakata tamaa.

Pili, kuna matoleo. *Mad Max* ya kwanza, ya 1979, ilipoingia Marekani iliwekewa sauti za Wamarekani kwa sababu wasambazaji walihofia lafudhi ya Kiaustralia haitaeleweka. Kwa miaka mingi mtu wa huko aliyedai ameiona alikuwa hajaisikia sauti ya Mel Gibson, mwigizaji wake mkuu. *Picnic at Hanging Rock* ya 1975 ina mkasa wa aina yake: mwongozaji Peter Weir mwaka 1998 alitoa toleo lake rasmi, na badala ya kuongeza kama wafanyavyo wengine, akapunguza dakika kama saba. Toleo linalouzwa sana leo ni hilo fupi. Bango la 1975 linatangaza filamu ambayo si hiyo hasa.

Tatu, haki. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wanadhani "imehifadhiwa" na "inapatikana" ni neno moja. Australia ina hifadhi ya taifa ya filamu na sauti, inayojulikana kwa kifupi NFSA, iliyokaa Canberra kwenye jengo lililokuwa taasisi ya anatomia. Mizizi yake ni ya 1935, ikasimama yenyewe 1984, na mwaka 1981 ulianza msako mkubwa wa nchi nzima wa kukusanya mikanda ya naitreti kabla haijageuka unga. Wanahifadhi na mabango pia. Lakini kumiliki kopo hakukupi haki ya kuonyesha kilichomo. Hifadhi inaweza kuwa na mkanda safi kabisa huku mwenye haki akiwa kampuni iliyofungwa, au warithi wasiosikilizana.

Miaka ya 1980 ilizidisha tatizo. Mwaka 1981 serikali ilianzisha nafuu ya kodi iliyojulikana kwa namba ya kifungu chake, 10BA. Mwekezaji aliyeweka fedha kwenye filamu ya Australia aliruhusiwa kukata asilimia 150 ya fedha hizo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Fedha zikamiminika. Watu ambao hawakuwa na habari na sinema wakawa na hisa za filamu, na baadhi ya filamu hizo zilitengenezwa kwa haraka ili mwaka wa kodi usipite. Miongo minne baadaye, jaribu kumtafuta mtu wa kukutilia sahihi. Mabango ya kipindi hicho ni mengi na bei yake si ya kutisha, ila filamu zake ndizo zenye kusumbua kuliko hata za miaka ya 1930.

Sheria nayo haisaidii mtu wa haraka. Sheria ya hakimiliki inayotumika Australia ilianza kazi tarehe 1 Mei 1969, na filamu zilizotengenezwa kabla ya siku hiyo hazilindwi kama filamu, bali kama mfululizo wa picha na kama kazi ya maigizo. Kila kipande na hesabu yake ya miaka.

Kwa anayetaka kutazama

Sehemu za filamu nyingi za kale zipo kwenye tovuti ya NFSA bila malipo, na kwa kutazama vipande huko nimejifunza zaidi kuliko kwenye vitabu. Diski za filamu za zamani za Australia hutolewa sana na kampuni ya Umbrella. Ila kabla ya kuagiza kuna jambo la kujua sisi wa Afrika Mashariki. DVD za Australia ni za kanda namba 4, na eneo letu ni kanda namba 5, kwa hiyo deki yako inaweza kuikataa diski uliyoilipia. Diski za Blu-ray zinagawanywa kwa herufi, na huko bahati iko upande wetu: Australia na Afrika zote ni kanda B. Mimi sasa naagiza Blu-ray tu. Huduma nyingi za kutazama mtandaoni nazo hufunga milango kwa nchi, jambo ambalo utaligundua baada ya kuandika namba ya kadi.

Na *Jedda* nairudia kidogo, kwa sababu ndiyo filamu ambayo bango lake na mkanda wake vinanishughulisha kuliko zote. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Australia na ya kwanza kuwapa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nafasi kuu, Ngarla Kunoth na Robert Tudawali. Mikanda ililazimika kupelekwa Uingereza kusafishwa, sehemu ya mwisho ikapotea kwenye ajali ya ndege, na matukio yake yakapigwa upya milima ya Blue Mountains. Rangi zikafifia na miaka, hadi nakala za mkanda zilizotenganishwa rangi moja moja zilipopatikana London mwaka 1972. Lakini maneno ya matangazo yake ya wakati ule, kwa jinsi yanavyomzungumzia Mwaborijini, sitayatafsiri hapa. Kwenye jamii nyingi za Waaborijini na wakazi wa visiwa vya Torres Strait, pia, jina na picha ya aliyefariki si vitu vya kuanikwa ovyo, ndiyo maana hifadhi za huko hutanguliza onyo kabla ya filamu. Mtu mwenye bango hilo sebuleni ana cha kuwaeleza wageni wake.

Jumapili shemeji alirudisha funguo. Filamu ya kauboi ilipatikana bila tabu yoyote, kama zinavyopatikana nyingi za Hollywood. Tuliifungua kwenye televisheni kabla chai haijapoa. Nikamwekea bango ubavuni mwa skrini alinganishe. Dakika tisini zikapita. Mwenye bastola alikuwa mnene kuliko wa kwenye bango na masharubu yake yalikuwa mengine. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda, shemeji alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kiti.

"Daraja je?"

"Halipo."

"Yaani hakuna daraja kabisa?"

Akalichukua bango, akaliinua kwenye mwanga, akamwangalia tena yule mtu aliyening'inia hewani kati ya nyekundu na buluu. "Huyu mchoraji wa Sydney," akasema, "filamu aliiona?"

Nikampa kioo cha fundi saa.